Dawa kila miezi 3, na mvua je?

Mhariri, ukurasa wenu wa ufugaji umerudia tena yaleyale, kuku wapewe dawa ya minyoo kila miezi 3, kwisha, kana kwamba minyoo nayo inasoma kalenda. Mbona hali ya hewa hamuigusi?

Yai la minyoo ya duara likitoka na kinyesi haliambukizi papo hapo, linataka kwanza joto na unyevu ili buu akomae humo ndani, hali ikiwa nzuri ni kama wiki 2 hivi. Baridi ikija halifi, linatulia tu likisubiri, linaweza kukaa kwenye udongo wenye kivuli miezi na miezi. Kinacholiua ni jua kali na ukavu. Koksidia, wale vimelea wa utumbo wanaoleta kuhara damu, ndo wana haraka zaidi, joto la nyuzi 25 hadi 30, unyevu na hewa, siku 2 tu wako tayari kuambukiza. Sasa piga hesabu mvua za joto zimeanza, banda limejaa vifaranga, wewe unasubiri miezi 3 itimie!

Halafu kuna wanaodhani kiangazi ni likizo. Joto likizidi kuku anakunywa maji mno, kinyesi kinakuwa majimaji, maji yanamwagika, we nenda kashike maranda pale chini ya chombo cha maji uone, yameshikana kama keki na yananuka amonia wakati nje vumbi linatimka. Pale pana masika yake yenyewe mwaka mzima. Maranda hayo yatolewe mengine makavu yawekwe, chombo kiinuliwe kifike usawa wa mgongo wa kuku, na msitegemee kumwaga dawa ya kuua vijidudu, zile za kawaida koksidia haziwatishi hata kidogo.

Kwa kuku wanaotembea nje mvua inaleta balaa jingine maana konokono na mbawakawa wanajaa, nyungunyungu nao wanapanda juu, na kuku anawafurahia kweli. Humo ndimo tegu wanamopitia, wengine kwa konokono, wengine kwa mbawakawa, sisimizi au nzi, na nyungunyungu anabeba minyoo ya utumbo kipofu. Na hapo hiyo dawa ya piperazini mnayoitaja kila toleo haisaidii kitu, yenyewe ni ya minyoo ya duara, tegu haiwagusi, kwa hiyo mtu ananunua, anawanywesha, kuku wanaendelea kukonda, anaishia kusema dawa ni feki.

Mfugaji, msomaji wenu