Kwa walimu mnaoondoka China muhula huu

Ndugu walimu, najua wengine mnaondoka shingo upande, lakini makaratasi hayangoji.

Notisi itolewe kwa maandishi siku 30 kabla, na ubaki na nakala. Kisha dai vitu viwili tofauti: barua ya shule ya kuthibitisha kuwa umeacha kazi, na cheti cha kufutwa kwa kibali cha kazi. Shule nyingi hutoa cha kwanza na kusahau cha pili, na bila hicho mwajiri mpya hapa China hawezi kukuombea kibali. Kabla hujatoka ofisini, soma namba ya pasipoti kwenye karatasi hizo tarakimu moja moja, kisha tazama kama muhuri mwekundu wa shule upo. Tarakimu moja ikikosewa, utarudishwa shuleni ukairekebishe.

Kibali cha kazi kikishafutwa, usijidanganye kwamba tarehe iliyo kwenye kibali cha ukaazi bado inakulinda. Nenda Uhamiaji wa polisi mapema uombe viza ya muda mfupi ya kukaa. Kupitiliza ni faini ya yuani 500 kwa siku, hadi 10,000.

Pesa: kubadili mshahara kuwa dola, benki itataka mkataba, risiti za kodi na pasipoti. Ukiwa na pasipoti peke yake, ni dola 500 tu kwa siku. Kama ulikatwa bima ya jamii, omba akiba yako ya pensheni kabla ya kuondoka.

Laini ya simu iwe ya mwisho kabisa kufungwa. Namba za uthibitisho za benki zinatumwa huko! Mwenye swali aulize hapahapa.