Usimkate Ismene

Mwenzangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku Tanga hatujambo, mvua imechelewa lakini tunamshukuru Mungu.

Barua yako imenifurahisha mno. Vijana wa kidato cha tano kuigiza Antigone, tamthilia ya kale ya Mgiriki Sophocles, tena kwa Kiswahili mlichokitafsiri wenyewe darasani! Hongera sana. Ila umeniuliza maoni yangu kuhusu kupunguza, na hilo sikutaka lingoje. Unasema mchezo ni mrefu, kwa hiyo unakusudia kuondoa sehemu mbili: pale Ismene, dada yake Antigone, anaporudi jukwaani baada ya Antigone kukamatwa kwa kumzika kaka yao kinyume cha amri ya mfalme, na yale maneno ya Antigone ya mwisho kuhusu mume na mtoto. Shoga yangu, punguza kwingine kokote, lakini hapo usiguse.

Umeandika kwamba wanafunzi wameshakubaliana kuwa mchezo huu ni ugomvi wa familia na serikali, Antigone upande huu na Creon, mfalme wa mji wa Thebes, upande ule. Ndivyo tulivyofundishwa na sisi. Lakini hebu wahesabie watu waliomo. Creon ni mjomba wa Antigone, ndugu wa mama yake Jocasta. Haemon, mchumba wa Antigone, ni mtoto wa Creon huyohuyo. Eurydice ni mke wa mjomba. Polynices, kaka yake Antigone anayeoza uwandani, ni mpwa wa mfalme aliyekataza asizikwe. Ukiwatoa askari, nabii Tiresias, wajumbe na wazee wa korasi (kundi la waimbaji), waliobaki wote ni ukoo mmoja.

Na Creon hakukipata kiti kwa upanga wala kwa kuchaguliwa. Katika hotuba yake ya kwanza anawaambia wazee waziwazi kwamba ameshika enzi kwa sababu yeye ndiye ndugu wa karibu wa kaka zake Antigone waliokufa. Waambie vijana wausome mstari huo polepole. Undugu uleule uliompa kiti ndio uliompa wajibu wa kuzika, maana kwa Wagiriki kumsitiri maiti lilikuwa jukumu la ndugu zake wa karibu. Mjomba kachukua urithi, maiti kamwacha nje. Antigone anapokwenda na vumbi mikononi, anafanya kazi ambayo kwa haki ilikuwa ya Creon.

Hata hivyo usimfanye Creon zimwi tangu mwanzo, utaupoteza mchezo. Polynices alikuja na jeshi la mji wa Argos kuuchoma moto mji aliozaliwa, akauana na ndugu yake Eteocles langoni. Athens ya wakati ule, mchezo ulipoonyeshwa mara ya kwanza mnamo 441 KK, haikuruhusu mhaini azikwe katika ardhi ya Attica, yaani eneo lake. Watazamaji waliposikia hotuba ya Creon, kwamba anayemweka rafiki juu ya nchi yake si kitu, wengi wao bila shaka walitikisa vichwa kukubali. Karibu miaka 100 baadaye, mwaka 343 KK, Demosthenes, mwanasiasa wa Athens, aliitumia hotuba hiyohiyo mahakamani kumsuta mpinzani wake Aeschines, aliyekuwa mwigizaji zamani na aliwahi kumwigiza Creon: maneno mazuri uliyasema jukwaani, mbona hukuyafuata ulipotumwa na nchi? Kwa hiyo kosa la Creon halimo katika kuipenda Thebes. Sheria ya Athens ilimtupa mhaini nje ya mpaka. Ndugu zake waliweza kumzika huko. Creon alimwacha maiti palepale, akaweka walinzi ili asizikwe na mtu yeyote, popote. Mpe nafasi hiyo kijana anayependwa na wenzake, mwenye sauti ya busara. Nelson Mandela, alipokuwa mfungwa Robben Island, alimwigiza Creon huyu, na nadhani hakuna aliyeketi pale akamwona mfalme yule kama mtu wa hadithi tu.

Sasa Ismene.

Unamwita mwoga. Mwanzoni kweli anakataa. Anakumbusha yaliyompata baba yao, mama yao, kaka zao wawili waliouana siku moja, na kwamba wamebaki wao wawili tu. Anasema atawaomba waliokufa wamsamehe, kwa kuwa hana uwezo wa kupambana na wenye nguvu. Antigone anamjibu kwamba hata akibadili nia hatamtaka tena, na kabla hawajaachana ameshamtamkia chuki.

Halafu Antigone anakamatwa. Creon anamtuhumu Ismene pia, bila ushahidi wowote isipokuwa kwamba amemwona ndani akihangaika kama aliyerukwa na akili. Analetwa, uso umelowa machozi. Neno lake la kwanza ni kwamba amefanya na yeye, kama mwenzake atakubali. Fikiria hilo. Msichana ambaye mikono yake ni safi kabisa anajitia hatiani mbele ya mfalme aliyekwisha kutangaza kifo, ili ndugu yake wa tumbo moja asife peke yake. Huo si woga. Ni uaminifu uliochelewa, lakini ni uaminifu, na unagharimu uhai.

Antigone anamkataa. Anasema haki hairuhusu, kwa kuwa hakutaka na hakushirikishwa, na kwamba yeye hampendi anayependa kwa maneno. Ismene anamuuliza, bila wewe nitaishi vipi? Naye anajibiwa: muulize Creon, si yeye unayemjali! Mistari isiyofika 30 kabla ya hapo, Antigone huyohuyo alikuwa amemwambia Creon kwamba yeye alizaliwa kushirikiana katika mapenzi, si katika chuki. Ukikata sehemu hii, watazamaji wako wataondoka na kauli ile tamu ya mapenzi bila kuona ilivyomfikia ndugu aliye hai.

Tena ni Ismene, wala si mwingine, anayekuwa wa kwanza kumuuliza Creon mbele ya wote: utamuua mchumba wa mwanao? Creon anajibu kwamba yapo mashamba mengine ya kulima. Hakuna mstari unaomfunua Creon kuliko huo. Mtu aliyejinadi kuwa mlinzi wa utaratibu na heshima ya nyumba anamzungumzia mkwe wake mtarajiwa hivyo. Na huo ni mstari utakaoupoteza kwa mkato mmoja wa kalamu.

Usinielewe kwamba nimemgeuka Antigone. Kila nikifika pale askari anaposimulia, nasimama kidogo. Yeye na walinzi wenzake walikuwa wamelifuta vumbi juu ya maiti, wakakaa kilimani upande upepo usikowaletea harufu, wakisimangana wasisinzie. Mchana wa jua kali kikaja kimbunga cha vumbi, wakafumba macho. Kilipopita, wakamwona msichana analia kwa sauti ya ndege aliyekuta kiota kitupu. Akakusanya vumbi kavu kwa mikono, akainua mtungi wa shaba, akammwagia marehemu mara tatu. Walipomkimbilia hakushtuka. Askari anasema amefurahi na ameumia: raha kujinasua mwenyewe, uchungu kuwatia watu wake matatani, lakini usalama wake kwanza. Nampenda sana askari huyo kwa ukweli wake. Mpe kijana mwenye ulimi mwepesi.

Antigone ana haki kuhusu maiti. Hilo Tiresias analithibitisha, anapomwambia Creon kwamba madhabahu za mji zimechafuka kwa nyama ambayo ndege na mbwa wameichukua kutoka kwa mtoto wa Oedipus, yaani Polynices. Haemon naye alikuwa amemweleza baba yake kwamba watu gizani wanamlilia msichana, na kwamba mji wa mtu mmoja si mji. Sikio la kufa halisikii dawa. Lakini kuwa na haki kuhusu jambo moja hakumfanyi mtu awe mwenye haki kwa kila aliye karibu naye, na nadhani Sophocles alitaka tulione hilo kwa macho.

Ndiyo maana nakuomba uyaache pia yale maneno ya mwisho. Akipelekwa kwenye pango la kuzikiwa hai, Antigone anasema kwamba angekuwa mke au mama asingeivunja amri: mume akifa anapatikana mwingine, mtoto naye vilevile, lakini wazazi wakishazikwa kaka mwingine hazaliwi. Maneno haya yamewasumbua watu kwa karne nyingi. Goethe, mwandishi wa Kijerumani, alitamani atokee msomi athibitishe kwamba si ya Sophocles. Ila Aristotle aliyanukuu bila shaka yoyote, na mimi nayaamini. Mbele ya Creon alikuwa amezitaja sheria za miungu zisizoandikwa, zisizo na mwanzo wala mwisho. Sasa, karibu na kifo, anasema ukweli wa moyo wake: alifanya kwa ajili ya mtu mmoja asiyeweza kupatikana tena. Na Ismene, ambaye naye hawezi kupatikana tena kwa hesabu hiyohiyo? Hatajwi. Dakika chache baadaye anawaambia wazee wa Thebes wamtazame yeye, wa mwisho aliyebaki wa nyumba ya wafalme, ilhali Ismene yuko hai ndani. Baada ya Creon kumwachia, tamthilia haisemi lolote tena juu yake.

Kisha mtazame Creon akishageuka. Wazee wanamwambia amtoe msichana kwanza, ndipo amjengee maiti kaburi. Yeye anaanza na maiti: wanayaosha mabaki, wanayachoma kwa matawi mabichi, wanainua tuta la udongo. Wanapofika pangoni Antigone ameshajinyonga kwa kitambaa chake, Haemon amemkumbatia. Mwana anamtemea baba mate usoni, anamchomolea upanga, anamkosa, anajichoma mwenyewe. Eurydice akisikia anajiua kwenye madhabahu ya nyumbani, akimlaani mumewe kwa jina la muuaji wa watoto wake. Mjomba na mpwa, waliogombana mchezo mzima, wamefanya jambo lilelile: wote wawili wamemtanguliza aliyekufa, na walio hai wakasubiri. Wanafunzi wako wakiliona hilo watakuwa wameona mbali kuliko kuamua nani alikuwa sahihi.

Kama muda ni tatizo, punguza wimbo wa korasi wa Danae na Lycurgus, unaokuja baada ya Antigone kuondoka. Ni mzuri, lakini hadithi zake zinahitaji maelezo ambayo watazamaji wako hawatakuwa nayo. Hata ule wa mwisho wa kumwita mungu Dionysus unaweza kubaki beti moja. Hotuba ya mjumbe usiiguse. Na Ismene mpe msichana mwenye nguvu, siyo mpole kuliko wote darasani. Anayejitolea kufa anahitaji sauti.

Ukishapanga tarehe niambie mapema niombe ruhusa kazini, nataka kukaa mstari wa mbele. Msalimie shemeji.

Ni mimi rafiki yako, Tanga.