Bodi za ardhi ziulize bei kabla ya kupiga muhuri

Mhariri,

Ami yangu aliuza ekari 3 za shamba mwaka 2021, wakati ujenzi wa daraja la Mteza, kwenye barabara mpya ya Dongo Kundu kusini mwa Mombasa, ukiendelea. Alilipwa laki 5 kwa ekari. Karatasi zote zilikuwa sawa: hatimiliki ilikuwa kwa jina lake, alifika mbele ya bodi ya ardhi, akatia dole, akahesabiwa pesa zake hadi shilingi ya mwisho. Leo shamba lile limekatwa ploti za futi 50 kwa 100. Ekari moja, ukiondoa njia ya gari, imetoa ploti 7, na kila ploti inauzwa laki 4. Kilichonunuliwa kwa laki 5 kinarudisha milioni 2 na laki 8, na mnunuzi hajachimba hata kisima.

Bei hiyo imepandishwa na barabara. Miaka yote ardhi ya kusini ilikuwa rahisi kwa sababu kati yake na mji kulikuwa na kivuko cha Likoni. Mtu wa kazi ya bandarini au Changamwe alisita kujenga Ng'ombeni au Waa, maana hakujua jioni atafika kwake saa ngapi. Feri ikiharibika, safari imekwisha. Na sisi tulio na umri hatujasahau feri iliyozama Mtongwe, Aprili 1994, roho 272. Sasa barabara ya Dongo Kundu inatoka Miritini, inavuka Mwache na Mteza, inatokea Kibundani kwenye barabara ya Lunga Lunga, na gurudumu halikanyagi feri. Mimi mwenyewe huipita kwa pikipiki kila Ijumaa baada ya sala nikienda kumtazama ami, na kila nikifika juu ya daraja namshukuru Mungu. Siipingi barabara hata kidogo.

Lakini sehemu ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2018. Tangu hapo, mwenye ramani mkononi alijua iliyobaki itatokea wapi. Dalali alijua. Ami naye aliyaona matingatinga, ila hakuna aliyemkalisha akamweleza barabara inafanya nini kwa bei ya shamba. Daraja la Mteza peke yake lina karibu mita 1,440, na barabara hii imejengwa kwa mkopo wa Japani. Deni hilo tutalilipa sote, ami akiwemo kila anaponunua kipande cha sabuni. Faida yake imeingia mfuko wa mtu mmoja aliyewahi.

Jambo linalonikera zaidi ni kwamba kinga ipo. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, Sura ya 302, inataka mauzo ya shamba yapate ridhaa ya bodi, na inaitaka bodi kwa kawaida ikatae pale masharti ya mauzo, pamoja na bei, yanapomwonea waziwazi mmoja wa wahusika. Bei imetajwa humo ndani ya sheria. Nilikuwepo siku ami alipoitwa. Aliulizwa kama anauza kwa hiari yake, akaulizwa kama mke na watoto wamekubali, akajibu ndiyo, muhuri ukapigwa. Maswali hayo ni mazuri, hasa la mke. La bei halikuulizwa.

Halafu kuna minazi. Kwetu Pwani ardhi inaweza kuwa na mwenyewe na minazi ikawa na mwenyewe mwingine. Katika shamba lile minazi 11 ilikuwa ya shangazi yangu, aliachiwa na babu, na ndiyo iliyomlisha tangu awe mjane: madafu, nazi, makuti ya kuezekea. Siku moja asubuhi alikuta kila mnazi umepigwa alama ya rangi nyekundu. Alasiri msumeno ulikuwa unalia. Alikwenda akaokota makuti yake chini, akayasuka kwa siku 3, akayauza. Hakuna bei iliyotajwa ya miti yenyewe.

Wapangaji nao wanasukumwa, kwani mwenye nyumba akisikia ploti jirani imekwenda laki 4 hachelewi kuongeza kodi. Hilo linahitaji barua yake.

Ninachoomba ni kidogo na hakidai sheria mpya. Kila bodi ya ardhi katika maeneo yanayopitiwa na barabara mpya ibandike ukutani, ofisini kwa chifu, bei za mauzo iliyoyapitisha miezi ya karibuni, bila majina ya watu, kwa Kiswahili, ili mzee anayefuatwa na dalali ajue jirani ameuza kwa ngapi. Na siku ya kikao bodi iulize bei kwa sauti, na iulize minazi ni ya nani.

Naandika sasa kwa sababu ami amebakiwa na robo ekari yenye nyumba, kisima na makaburi mawili. Wiki iliyopita dalali yuleyule alirudi, amekuja na kilo 2 za sukari na bei ya laki 3. Mzee amenambia atampa jibu mwisho wa mwezi.

Msomaji wenu,
Changamwe, Mombasa