Salamu za Krismasi kutoka kwa mzee wa wilaya

Bwana asifiwe, wapendwa.

Kwa niaba ya baraza la wazee wa kanisa, na kwa niaba ya nyumba yangu, nawatakia nyote Krismasi njema na mwaka mpya wenye heri na baraka tele. Mlio safarini kwenda mashambani, Mungu awafikishe salama. Mliobaki mjini kwa kuwa nauli imepanda maradufu, kama desturi ya Desemba, nanyi pia awatunze hapo mlipo.

Mwaka haukuwa mwepesi. Unga umepanda, mafuta ya kupikia yamepanda, mishahara ipo pale pale, na wengine hata huo mshahara umekatika. Kwenye matangazo ya Jumapili tumesoma mazishi mengi kuliko harusi. Juzi baba mmoja aliniuliza nje ya kanisa, kwa uchungu hasa, kwamba hii ni Krismasi gani bila nyama wala nguo mpya za watoto. Nikaahidi kumjibu kwa maandishi.

Jibu langu ni hili: Waskoti, watu wa Scotland waliotuletea kanisa hili la Kipresbiteri, hawakuwa na Krismasi.

Waskoti walipolitengeneza upya kanisa lao mwaka 1560, pamoja na misa walizikataa sikukuu zote ambazo hawakuziona zimeagizwa katika Maandiko. Krismasi ikawa mojawapo. Mwaka 1574 kule Aberdeen, wanawake 14 waliitwa mbele ya baraza la wazee kwa kosa la kucheza na kuimba nyimbo za sikukuu jioni ya Krismasi. (Akina mama wa Gild, chama chetu cha wanawake, mshukuru Mungu mmezaliwa zama hizi na wazee hawa.) Mfalme wao James alitaka kuirudisha, na kwenye Vifungu Vitano vya Perth, yaani masharti yake ya ibada ya mwaka 1618, akaagiza iadhimishwe, tena watu wapige magoti wakipokea meza ya Bwana. Watu walinung'unika, na wengi wakakaidi. Mwaka 1640 bunge lao likafuta likizo yenyewe. Na msidhani ni mambo ya kale tu: tarehe 25 Desemba ilikuja kuwa siku ya mapumziko ya umma huko Scotland mwaka 1958. Kwa vizazi vingi mtu aliamka siku hiyo akaenda kazini kama Jumanne nyingine yoyote.

Je, walikosa kuwa watu wa Mungu? Hata kuwa taifa hawakukosa. Mfalme Charles wa Kwanza, mwana wa James, alipowaletea kitabu cha sala bila kuwauliza, fujo zilizuka katika kanisa la St Giles, Edinburgh, Julai 1637. Tarehe 28 Februari 1638, katika kanisa la Greyfriars, makabaila walianza kutia sahihi Agano la Taifa. Wachungaji na watu wa kawaida wakafuata, na nakala zikapelekwa kila upande wa nchi. Waliahidi kuilinda imani yao, na kumtii mfalme ndani ya mipaka ya imani hiyo na sheria za nchi. Wakajiona kama Israeli, watu waliofunga agano na Mungu wao kama taifa zima. Mwaka 1707, walipounganishwa na Uingereza na kulipoteza bunge lao, kanisa lao lililindwa kwa sheria, na hapo ndipo wengi waliendelea kujitambua kuwa Waskoti.

Lakini nisiwapambe kupita kiasi. Agano lilikuwa na makali yake. Wakatoliki wa nyanda za juu hawakuwa na nafasi ndani yake, na wapo waliotia sahihi kwa kulazimishwa. Mwaka 1645, baada ya vita vya Philiphaugh dhidi ya jeshi la mfalme, jeshi la wenye agano liliwaua mateka wa Kiayalandi pamoja na wanawake waliofuatana nao. Mwaka 1650 wakawafukuza jeshini askari wengi walioonekana si watakatifu vya kutosha, kisha Cromwell, jemadari wa Kiingereza, akawapiga vibaya pale Dunbar. Sisi wenyewe tuliionja hali hiyo. Wamisheni wa Kiskoti walikuja Kibwezi mwaka 1891, wakahamia mahali paitwapo Kikuyu, karibu na Nairobi, mwaka 1898, na mwaka 1929 wakawataka waumini waweke sahihi au alama ya kidole gumba, kile kiapo kilichoitwa kirore, kuikana tohara ya wasichana. Kuwaepusha wasichana na kisu lilikuwa jambo la haki, nasema hivyo bila kigugumizi. Lakini nyumba ziligawanyika, wengi wakaondoka, na makanisa na shule za kujitegemea zikazaliwa. Wajukuu wa pande zote mbili leo wanaoana, na bado kuna wazee wasiopeana mkono vizuri.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyeniuliza: usikope kwa ajili ya nyama. Someni Amosi sura ya 5 mwone Bwana anasema nini juu ya sikukuu za watu wanaomkanyaga maskini. Ada ya Januari iwekwe kando sasa. Mwajiri mlipe mfanyakazi wako kabla hujanunua mbuzi. Wanasiasa wanaokuja madhabahuni na bahasha ili tuchukiane kwa majina ya kabila zetu, tuwasalimie kwa adabu na tusiwape kipaza sauti. Mfalme mwenye taji aliambiwa utii una mpaka. Sisi tunamwogopa mheshimiwa wa wadi? Tulipobatizwa tuliapa. Tulipopokea meza ya Bwana tuliapa tena. Kiapo hicho kinatubana hata kama sufuria ni tupu!

Hata hivyo sitawaficha kwamba mimi mwenyewe naipenda Krismasi. Mama yangu alikuwa akianza chapati usiku wa tarehe 24, na mkaza mwana yeyote aliyesogelea jiko alifukuzwa. Tulimzika Agosti. Mpaka naandika haya, hatujakubaliana ni nani atakayesimama pale.

Ibada ya Krismasi ni saa nne asubuhi, na mkesha wa mwaka mpya unaanza saa tatu usiku. Wagonjwa watatembelewa tarehe 26. Wanaohitaji kutembelewa wamwarifu mzee wa wilaya yao mapema. Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe nanyi nyote. Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya.

Wenu katika Kristo,
Mzee wa wilaya