Matope ya Rufiji kwa Manowari Yangu

Mombasa, Mji wa Kale

Ndugu yangu Bakari,

Assalaam aleikum. Natumai wewe, shemeji na watoto hamjambo huko Nyamisati. Sisi huku tu wazima, ila mama mguu unamsumbua kwa baridi hii ya kusi. Anakusalimu sana na anauliza lini utamletea kamba wa Rufiji.

Ile Königsberg yangu, mfano wa ile manowari ya Wajerumani iliyozama kwenu Rufiji wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, imefika pazuri. Tumbo limekwisha, sitaha imekwisha, dohani zote 3 zimesimama. Uliniuliza mbona nikaichagua kubwa hivyo. Nilitaka hesabu nyepesi: mita moja ya meli ni sentimita moja kwangu. Meli yenyewe ilikuwa na urefu wa mita 115.3 na upana wa mita 13.2, basi yangu ni sentimita 115 na ushei, na imekalia meza nzima ya kulia. Nimeijenga kama marehemu baba yako alivyotufundisha jahazi: mkuku kwanza, ule uti wa mgongo wa chombo, kisha mataruma, yaani mbavu zake, ya kwangu ya plaiwudi, kisha vibao vyembamba tangu tezi hata omo. Nikapiga msasa jioni baada ya jioni, hadi kiganja kikawa kinapita bila kukwama popote.

Mizinga ndiyo iliyonila muda. Ilikuwa 10, kila mmoja una mdomo wa sentimita 10.5 na mtutu wa mita 4.2. Kwa kipimo changu huo ni mrija wa shaba wa sentimita 4.2 wenye tundu la milimita moja tu. Kabla ya kuukata wa kwanza nilikwenda Fort Jesus, maana mzinga mmoja wa meli hiyo upo pale, na wa Pegasus, manowari ya Waingereza, pia upo. Nilisimama baina yao kwa muda mrefu. Königsberg ndiyo iliyoipiga Pegasus bandarini Unguja alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, Pegasus ikiwa imetia nanga inatengeneza mitambo, haiwezi hata kukimbia. Mitutu yangu nimeifanya ya kuchomoka, kwa sababu Königsberg ilipozama mizinga yote 10 iliopolewa, ikakokotwa hadi Dar es Salaam na kupigana nchi kavu.

Sasa nije kwenye ubishi wetu. Uliniandikia kwamba manowari ipakwe rangi ing'ae, kwamba kuizeesha ni kuivunjia heshima. Nimelifikiri neno lako siku nyingi, na bado sikubaliani nawe. Meli inayong'aa ni ile iliyotoka Kiel, bandarini kwao Ujerumani. Hiyo wazee wa kwenu hawakuiona. Waliyoiona ni meli iliyojificha kwenye mikoko yao tangu Septemba 1914 hadi Julai 1915, imefungiwa njia zote za kutokea baharini, matawi yamefungwa milingotini isionekane kutoka mbali, vipande vya mitambo vikiburutwa kwa nguvu za watu hadi Dar es Salaam kutengenezwa na kurudishwa. Miezi yote hiyo kwenye maji ya nusu chumvi, na sidhani kama walikuwa na rangi ya kuchezea. Meli hiyo ndiyo yetu, na ndiyo ninayotaka mtu aione akiingia sebuleni kwangu.

Lakini kutu nako kuna adabu yake. Mara ya kwanza nilipaka kila mahali, ikawa kama pipa lililotupwa jalalani. Nikaikwangua yote. Fikiria, mchirizi wa sentimita moja kwenye meli yangu ni mita nzima kwenye meli ya kweli! Nikaanza upya kwa kuuliza maji yanapita wapi na mkono wa baharia unagusa wapi. Kutu sasa iko chini ya matundu ya nanga, pembezoni mwa misumari, na pale mashua zilipokuwa zikisugua ubavu. Naizimua rangi ya hudhurungi mpaka iwe kama chai ya rangi, naipaka kwa burashi ya nywele tatu nne, kisha naifuta kwa kitambaa kuelekea chini ili ibaki kwenye mifereji tu. Kwa rangi iliyobanduka natumia chumvi ya jikoni: nailowesha juu ya rangi ya kutu, ikikauka napuliza kijivu juu yake, kisha naisugua itoke. Panabaki madoa ambayo mkono wa mtu hauwezi kuyachora.

Masizi ya dohani yalinifundisha jambo. Meli inayokwenda moshi wake hulala nyuma, na masizi hukaa upande wa tezi. Hii ilisimama, na masika ya 1915 yaliinyeshea. Kwa hivyo masizi yangu yanashuka wima kama machozi.

Na kosa kubwa zaidi nililigundua usiku, nikaamka kitandani. Nilikuwa nimepiga alama za maji kujaa na kupwa ubavuni, kama zilivyo kwenye nguzo za gati. Lakini meli inaelea, Bakari, inapanda na maji! Kinachoiinua juu ya mstari wake ni makaa na risasi kupungua tumboni. Basi nimefuta zile alama, nikaweka ukanda mwembamba wa mwani mkavu uliokuwa zamani chini ya maji na sasa unachomwa na jua.

Kilichobaki ni matope, na hapo ndipo ninapokuhitaji. Mnyororo wa nanga ulilala kwenye matope yenu, na sitaki kubahatisha rangi yake kwa kopo la dukani. Nichotee kopo moja kutoka ukingoni, mahali penye mikoko, maji yakipwa. Likaushe kivulini, si juani, lisije likapauka. Nitalitwanga, nilichekeche kwa kitambaa cha leso na kulichanganya na gundi. Ukipata na vijitawi vikavu vya mkandaa, vyembamba kabisa, nitavifunga milingotini kwa uzi.

Mpe dereva yeyote wa basi unayemwamini, nami nitampokea stendi. Niandikie siku mbili kabla. Msalimie shemeji, na umwambie kijana wako mtutu mmoja nimeuweka pembeni, auchomeke yeye mwenyewe akija.

Wako,
Athmani