Barua ya wazi kwa Rais wa Mieleka Duniani: Meng Lingzhe hakwenda mweleka

Mombasa, Agosti 2024

Mheshimiwa Nenad Lalović,
Rais wa Shirikisho la Mieleka Duniani.

Natanguliza salamu na heshima kwa cheo chako. Mimi ni bawabu wa usiku hapa Mombasa. Mchana, nikishalala kwa saa tatu au nne, nafundisha vijana mieleka mchangani upande wa Likoni, kwa sababu mkeka hatuna. Nina kilo 118. Ujana wangu niliumalizia kwenye mchezo huu na sikupata hata kikombe cha bati, lakini sijauacha.

Jambo lililonifanya niandike lilitokea tarehe 5 mwezi huu. Nilikuwa zamuni. Nilinunua bando, nikaegemea geti, nikatazama nusu fainali ya kilo 130 ya mtindo wa Kigiriki na Kirumi kutoka Paris. Meng Lingzhe wa China alikuwa akipambana na Yasmani Acosta wa Chile. Pambano liliisha 1-1, na aliyekwenda fainali akawa Acosta, kwa kuwa pointi ya mwisho ilikuwa yake.

Asubuhi vijana walinikuta mchangani wakaniuliza, "Kocha, yule Mchina aliangushwaje?" Nilinyamaza. Hakuangushwa, mheshimiwa. Wala yeye hakumwangusha mwenzake.

Wewe unajua vizuri jinsi 1-1 ya uzani huu inavyozaliwa, lakini wasomaji wangu wengi wanapoisikia mieleka wanafikiria ile ya televisheni, ya viti na kelele, kwa hiyo niruhusu niwaeleze. Katika mtindo huu ni marufuku kumshika mtu chini ya kiuno. Miguu haiguswi, ndoano ya mguu hakuna. Kazi yote ni ya kifua, mikono na mgongo. Vipindi ni viwili, dakika 3 kila kimoja. Kipindi cha kwanza mwamuzi anaamua kwamba fulani hashambulii, basi mwenzake anapewa pointi moja pamoja na nafasi ya kumkamata akiwa chini, magoti na viganja mkekani. Ukitaka kumgeuza mtu wa kilo 130 aliyejibana hivyo, kwanza umng'oe kama kisiki. Akishindikana, wanasimamishwa. Kipindi cha pili mara nyingi zamu inageuka, na huyu wa pili naye anapewa yake. Dakika 6 zinakwisha kila mmoja akiwa na pointi moja ya kupewa. Aliyepewa ya mwisho ndiye mshindi.

Kwa hiyo anayetangulia kupewa anaweza kuwa anatangulia kushindwa. Hilo ndilo linaloniuma.

Kiswahili chetu kimeupa mchezo huu jina kutokana na mweleka, yaani mwanguko. Kumpiga mtu mweleka ni kumbwaga. Anayebwagwa amekwenda mweleka, na kijiji kizima kimeona, hakuna wa kubisha. Sasa nikamwambie nini mtoto wa miaka 15 kuhusu mieleka isiyo na mweleka?

Na Meng si mtu wa kupita tu. China ilikuwa na medali za Olimpiki katika mtindo huu kabla yake, lakini za watu wepesi kuliko yeye. Sheng Zetian alichukua shaba tatu mfululizo, 1992, 1996 na 2000. Chang Yongxiang alipata fedha ya kilo 74 nyumbani kwao Beijing mwaka 2008. Walihan Sailike akaleta shaba ya kilo 60 kutoka Tokyo. Dhahabu hawajawahi kuipata hadi leo, na kwenye uzani wa juu kabisa walikuwa hawajagusa medali yoyote. Meng ndiye aliyeufungua mlango huo: tarehe 6, siku moja baada ya kunyimwa fainali, alirudi mkekani akachukua shaba. Mtu aliyelala na uchungu wa 1-1 akaamka akapigana tena! Mimi ningeshindwa.

Simchukii Acosta. Ni Mkuba aliyehamia Chile, na fainali alikutana na Mijaín López wa Kuba, ndugu yao mkubwa wote wa uzani huu, akafungwa 6-0. López aliondoka na dhahabu yake ya tano mfululizo, ya kwanza ikiwa ile ya Beijing 2008, akaviacha viatu vyake katikati ya mkeka. Nililia pale getini. Lakini nililia pia kwa sababu Meng angestahili kufika mbele ya López au kuzuiwa na mtu aliyembwaga.

Mheshimiwa, mwaka 2013 Kamati ya Olimpiki ilitaka kuuondoa mchezo wetu. Wewe ndiye uliyeshika usukani wakati huo. Mlibadilisha sheria, mkaanza kujumlisha pointi za vipindi vyote viwili, mkasema mchezo ueleweke kwa mtazamaji, na Septemba mwaka huo tukarudishwa. Tulikushukuru, na bado nakushukuru. Ila nakukumbusha neno lile: ueleweke. Mimi nimeufuata miaka yote hii, na asubuhi ile sikuweza kuueleza kwa watoto.

Naamini mnaharakisha kutoa pointi hizi kwa hofu ya mtazamaji kuchoka akiona majitu mawili yamesukumana vifua bila kuangushana. Lakini kusukumana ndiko kunakomchosha mtu mpaka mkono ulegee, na mkono ukilegea ndipo mweleka unapopatikana. Mnachomoa kuni kabla moto haujashika.

Mwezi uliopita nilimpeleka kijana wangu mmoja, mzito kama mimi, kwenye mashindano madogo. Nauli niliitoa kwenye posho yangu. Akatolewa kwa 1-1 hiyo hiyo. Tangu siku hiyo haji mazoezini, na nikipita kwao mama yake ananiambia amelala.

Siombi mkeka, ingawa tunauhitaji. Siombi matokeo ya Paris yabadilishwe. Naomba mkikaa kuzitazama sheria, pambano likiisha 1-1 kwa pointi za kupewa, waacheni waendelee. Dakika moja, mbili, hata tano. Waacheni mpaka mmoja aende mweleka.

Ni mimi,
Bawabu na kocha wa mchangani, Likoni