Mwanangu, ipime nyumba yako kwa mwezi wa Mei

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo sote. Baba yako miguu inamsumbua kidogo, ila msikitini anakwenda mwenyewe, alhamdulillahi. Hofu yetu ni nyinyi na wajukuu.

Ama baada ya salamu, ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, nikampa na baba yako akausikiliza. Hoteli imefunga, mwenzio kaambiwa arudi Juni, mkononi mna pesa ya wiki mbili na mwenye nyumba anataka kodi yake. Ningekujibu kwa simu, lakini wewe kwenye simu huniwahi: sijafika katikati ya neno umeshasema "nimekufahamu, mama." Basi nimekuandikia. Soma kichanga akilala, kisha mwachie na mwenzio asome, maana humu hamna siri ya mama na binti. Ya kodi tumekutumia jana kwenye simu. Haya ni ya kula.

Mimi na wewe tumeolewa na wanaume wa msimu. Baba yako wa karafuu, mwenzio wa watalii. Mshahara wake unaandikwa kila mwezi, sawa, lakini pesa yenyewe hasa, bahashishi na zamu za ziada, inakuja Julai na Agosti, inakuja tena Disemba hadi Februari, halafu masika yakianza pwani inabaki na kaa wake. Mvua hizo zinanyesha Aprili na Mei tangu mimi sijazaliwa, na hoteli nyingi za Kiwengwa na Nungwi, huko Unguja, ndiyo miezi wanayofunga au kupunguza watu. Jambo ambalo tarehe yake inajulikana mwaka mzima usiliite dharura, mwanangu. Dharura ni mtoto kuanguka mwembeni.

Na karafuu ni ngumu kuliko hoteli. Mkarafuu hauzai sawasawa: mwaka huu unainama kwa mzigo, ujao unakupa majani matupu. Hata mwaka wa neema pesa haifiki nzima. Mchumaji anataka chake kwa pishi kila jioni, wanaochambua makonyo, vile vijiti vya karafuu, wanataka chao, halafu uanike. Kilo tatu mbichi zikikauka zinabaki kama kilo moja, na wingu likikaa siku mbili tatu rangi inaharibika na daraja linashuka. Ndipo uzipeleke ZSTC, shirika la Serikali linalonunua karafuu, zikapimwe. Siku ya malipo ndiyo siku ya hatari nyumbani. Mwaka 2011 bei ilipopandishwa ulikuwa mdogo, lakini utakumbuka mtaani kwetu palivyokuwa: pikipiki, friji, makochi yenye nailoni bado juu yake. Masika yalipofika, makochi yale yale yalikuwa yanatafutiwa mnunuzi.

Sisi baba yako akirudi na pesa hatukuanza kuhesabu pesa. Tulihesabu miezi. Kutoka leo mpaka karafuu nyingine ni miezi mingapi, na nyumba hii, ikila ya lazima tu, inataka kiasi gani kwa mwezi? Kwanza tulilipa deni la dukani, kisha magunia ya mchele, kisha palizi ya shamba, na kilichobaki tukakigawa kwa miezi. Kila mwezi una fundo lake la kitambaa, na mafundo yote akikaa nayo bibi yako kwenye sanduku lake. Ukitaka kulifungua la mwezi ambao haujafika, nenda kwa mama mkwe wako, kaa chini, ueleze kwa nini. Wallahi hakuna benki yenye ulinzi kama ule. Mimi nilikwenda mara chache sana, na mara zote mtoto alikuwa hospitali.

Wewe huna mama mkwe karibu, na pesa iliyomo ndani ya simu inatoka kwa kidole kimoja. Mfungue akaunti benki ya PBZ, nyinyi wawili, na kadi nileteeni mimi.

Sasa fanya hivi. Chukua daftari la zamani la mkubwa, ukurasa wa nyuma, andika Mei. Usiandike Agosti. Kila mtu anajua kupanga Agosti. Andika mchele, unga, sukari, mafuta, sabuni, mkaa, umeme wa kulipia kabla wa Tukuza, kitoweo, nauli, na kodi pia: kama mnalipa ya miezi sita kwa mpigo, igawe kwa sita uiandike kila mwezi, isije ikakushtua kama mgeni. Tuseme imefika shilingi 300,000. Basi hiyo ndiyo nyumba yenu. Agosti mwenzio akileta mara mbili yake, nyumba bado ni ya 300,000, pamoja na kuku wa Ijumaa, maana watoto nao wajue baba yao kapata. Miezi isiyo na pesa kwenu ni mitatu, kwa sababu hata akirudi kazini Juni, mshahara unaingia mwisho wake. Mitatu mara 300,000 ni 900,000. Ukiigawa kwa miezi tisa ya kazi ni 100,000 kila mwezi. Oktoba weka pungufu, Januari weka zaidi. Na bahashishi isiingie jikoni kabisa. Ikitoka mfukoni mwa mzungu iende moja kwa moja kwenye fungu la Mei.

Jengine ni hii posho ya kila asubuhi. Mwenzio ni mtu mwema, anaacha elfu kumi mezani kabla hajatoka, na wanaume wengi hawafanyi hivyo. Lakini elfu kumi ya kila siku ni 300,000 ya mwezi iliyokatwakatwa, na pesa iliyokatwakatwa inanunua kila kitu kwa bei ya juu. Mchele kilo moja moja, mafuta kwa kipimo, sukari robo, mkaa fungu la kopo. Lile fungu ukilijumlisha mpaka mwisho wa mwezi, umeshalipia polo zima la mkaa, gunia kamili, na hulioni. Mwombe akupe ya vikavu mwanzo wa mwezi kwa pamoja, na asubuhi akuachie ya kitoweo na mboga tu, elfu nne au tano. Gunia la mchele wa mapembe likiwa kubwa kwenu, gawaneni na jirani. Mafuta chukua dumu la lita tano, lakini lifiche, kwa sababu dumu lililojaa linamfanya mtu akaange hata kisichotaka kukaangwa.

Na ukipima mchele wa kupika, rudisha konzi moja kwenye chungu cha pembeni. Kila siku konzi moja. Hakuna atakayesema wali umepungua, na mwezi ukiisha una kilo na zaidi ambayo hukuinunua. Bibi yako alilea hivyo miaka ya mwanzo ya 1970, mchele ulipokuwa wa foleni. Mpaka leo, na pensheni yake ya wazee, ile iliyoanza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, hajaniomba sukari hata siku moja. Ananikopesha.

Huduma ya nyumba ni wajibu wa mume, hilo sikufundishi. Lakini wewe pesa yako ya maandazi umekuwa ukiziba nayo mashimo kimya kimya, na yeye anadhani elfu kumi inatosha. Mwambie. Ile ni pesa yako, iweke kwenye mchezo wa kuchangiana na kupokea kwa zamu na wenzio, ila usigombanie nambari ya kwanza kama wanavyofanya wote. Omba nambari itakayokuangukia Mei. Watakushangaa, na watakupa kwa furaha.

Kitoweo ndicho kinachokula pesa zako, nimekisikia kwenye sauti yako. Samaki wa fungu kila siku kwa watu watano, mjini, haiwezekani. Angalia mwezi wa angani. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, na taa inawavuta pakiwa kiza. Mbaamwezi ikitoka bahari yote ina nuru, dagaa hawaifuati taa, wanaadimika na bei inaruka. Basi nunua siku za kiza, nunua wengi, waoshe, waanike juani kwenye chanja mpaka wavunjike kwa kidole, uwatie kwenye ndoo yenye mfuniko. Mbaamwezi wenzio wakilalamika sokoni, wewe unafunua ndoo.

Kuwapika nako kuna namna, maana nasikia wajukuu wanawakataa. Ondoa vichwa, kwa watoto ni vichungu. Wakaushe kwenye sufuria kavu mpaka harufu ibadilike, kisha waoshe kwa maji ya moto. Ikune nazi moja, uichuje mara mbili. Tui jepesi lende kwenye wali, kasimele, lile tui zito, ibaki kwa dagaa, na nyanya, kitunguu, na embe bichi ukate vipande vikubwa. Usitie maji mengi. Mkubwa wenu alipokuwa hapa wakati wa likizo alikula hivyo mpaka akaramba bakuli, na hakuuliza ni samaki gani.

Juisi za boksi na biskuti acheni, na usimgombeze mtoto kwa kuziomba, kaziona kwa wenzake. Mwekee ukwaju au bungo kwenye chupa yake, na muhogo wa kuchemsha ndani ya kibakuli cha skuli. Pampasi ziwe za usiku na za safari. Mchana kata kanga zilizochakaa, unazo nyingi, ninajua kwa sababu nyingine ni zangu. Maziwa ya kopo sijui nani kakuambia ununue. Kichanga hajafika miezi sita, ziwa linamtosha, hahitaji hata maji. Hiyo pesa ya kopo kula wewe, kula samaki, kula mchicha, ndiyo maziwa yake.

Lakini kuna pahala usibane. Uji wa huyu wa kati usiuzimue kwa maji ili ufike kesho. Yai lake la wiki usilihesabu kuwa ni anasa. Chandarua kikichanika nunua kingine siku hiyo hiyo. Na homa ya mtoto usiipe siku ya kungoja kwa ajili ya nauli.

Skuli ya kulipia kwa mtoto wa miaka minne siioni haja yake. Wewe mwenyewe ulianzia kwenye mkeka, chini ya mwembe, na leo unaniandikia ujumbe wa Kiingereza nisioufahamu. Angalia kama kuna kituo cha TUTU karibu, kile cha Tucheze Tujifunze, na jioni aende chuoni akasome Kurani. Akifika miaka ya skuli, ya Serikali ipo.

Sikukuu nayo. Mwaka huu imekuja Machi, mkatoa kila mlichonacho kwa nguo, tambi, na mikono ya sikukuu, zile pesa wanazopewa watoto wa watu, na wiki chache baadaye hoteli ikafunga. Mfungo unarudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo haitachukua muda utaangukia Januari, wakati watalii wamejaa na mwenzio ana pesa. Mpaka hapo, kitambaa cha sikukuu kinunuliwe Rajabu, si kumi la mwisho la Ramadhani mafundi wakiwa wanapanga bei wanavyotaka. Mwambie fundi gauni la mkubwa aliachie pindo pana kwa ndani. Mwaka kesho unalishusha, mwaka wa tatu analivaa mdogo wake. Unga na sukari za futari nunua mapema Shaaban. Muhogo na ndizi huwezi kuziweka, hizo zitapanda tu, na ndizi ya mkono wa tembo mjini mwezi ule ni ya kutazama. Futuruni viazi.

Baba yako anasema niongeze kwamba mwenzio asione haya kutafuta kibarua miezi hii miwili. Ana mkono wa rangi, na hizo hoteli zilizofunga ndizo zinazopakwa rangi sasa. Aulize kwa wenzake kabla hawajachukuliwa watu wa nje.

Mzigo wenu ameuchukua mtoto wa khalati yako, anapanda boti ya Mkoani Alkhamisi, mwenzio ampokee bandarini Malindi. Kuna pakacha mbili za muhogo, mkungu wa ndizi, embe bichi, nazi kumi na mbili, na ndoo ya dagaa wa kiza cha mwezi uliopita, wameshakauka. Karafuu sikutia hata punje, asije kijana wa watu akadhaniwa anazitorosha na kusumbuliwa bandarini kwa ajili ya pilau. Ndizi zipe jirani chana moja, ndiye utakayegawana naye gunia. Ndoo ni yangu, na mfuniko wake ni huo huo mmoja, basi virudi vyote viwili.

Wajukuu wabusu, mkwe wangu msalimie sana.

Mama yako